Siku Ishirini na Nane

Fedha zililala kwetu siku ishirini na nane.
Si zetu. Mama alizikusanya kama mtu anayeomba chumvi,
mlango kwa mlango, Calabar nzima:
upatu wa wauza samaki wa Soko la Watt,
fidia ya mguu wa Mjomba Efiom,
na laki tatu za Mma Ekanem, ambazo ni za sanda yake.
Alinitazama machoni, akasema,
"Sitakufa kabla mwezi haujaandama. Zichukue."

Masharti ya viza ndiyo hayo: fedha zikae, zitulie,
zionekane kama zilizaliwa humu ndani.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wageni wetu hawa hatukuwapa hata ufagio.
Tulitembea kwa kunyata. Jenereta tukaizima.
Bassey alipopata homa
tulimchemshia majani, na benki imejaa.

Mimi nikajisomea, kwa mshumaa, mtihani wa Kiingereza,
lugha niliyochapiwa viboko darasa la pili kwa kuikwepa,
lugha ninayotukania, ninayootea,
sasa niilipie nusu mshahara kuthibitisha kwamba naijua.
Nikapigwa picha ya mapafu. Mapafu ni safi.
Nikaandika, kwa maneno mia tano, kwa nini Leeds na si kwingine,
wala sikuligusa giza,
wala wodi namba nne,
ambako nilishika tochi ya simu kwa meno
mikono ikipokea mtoto wa watu.

Kaka yangu Asuquo akapiga simu kutoka Graz.
Yuko huko mwaka wa kumi na moja. Uraia wamemkubalia,
ila kwanza aukane huu wetu:
alipe ada, ajaze fomu, asubiri muhuri wa Abuja
kwamba yeye si mtu wetu tena.
Baba alinyamaza, kisha akalitema: "Mwacha asili ni mtumwa."
"Baba," sauti ikakatika, ikarudi,
"mwenye asili ana foleni yake peke yake uwanja wa ndege.
Mwanangu hupita upande ule, mimi upande huu.
Ana miaka sita. Huniuliza nimefanya kosa gani."
Baba akampa Mama simu
kama anampa kikombe cha moto.

Siku ya ishirini na mbili, naira ikaanguka.
Hatukugusa kitu. Hatukula kitu.
Na bado fedha zilezile, zimelala palepale,
ziliamka pungufu kwa hesabu ya pauni.
Mama alikaa sakafuni na kikokotoo,
akabonyeza, akafuta, akabonyeza,
mpaka betri ikamhurumia.

Asuquo hakutuambia. Zilifika tu, Ijumaa,
zile za ada ya kujikana,
na ujumbe mfupi: *Muhuri utasubiri.
Mimi wenu mwaka mmoja zaidi.*
Baba aliusoma mara mbili, akavua miwani,
akatoka nje kuangalia bomba ambalo halivuji.

Mama ndiye aliyeuliza, usiku, akinipa kisogo,
"Na wewe, ukikaa huko miaka kumi na moja?"
Nilisikia mvua kwenye mabati.
Nilijifanya nimelala, kama zile fedha.

Na kwa kuwa kiasi kilichotimia ndicho kinachohesabiwa,
hesabu ikarudi mwanzo. Siku ya kwanza.

Nikaenda kwa Mma Ekanem na maneno niliyoyapanga njiani.
Nilimkuta akimenya egusi, miguu ndani ya beseni la maji.
Yale maneno yakanipotea.
"Mwezi mwingine?" akauliza yeye.
Nikaitikia kwa kichwa.
Akapuliza maganda kiganjani, akafikiri.
"Waambie hao wa viza waharakishe. Mimi nilishajiandaa."
Kisha akanisogezea ungo wa pili.
"Usisimame mlangoni. Kaa, umenye."